Namna ya Kumtoa Mpangaji Aitwaye Faili

Kwanza kabisa, toa kidole kwenye kitufe cha Delete. Umekibonyeza vya kutosha. Faili lililokataa kufutika mara ya kwanza halilegezi msimamo kwa sababu umebonyeza kwa hasira zaidi, na jirani yako wa meza ya pili ameshaanza kukutazama kwa huruma. Mwongozo huu ni wako wewe uliyeshindwa na faili moja, pengine la kilobaiti chache tu, linalokutolea dirisha lile lile la kukataa kila ukilisogelea, huku mshauri asiyekosekana akisema: "Iformati tu, ndugu yangu, yaishe." Usiiformati. Nakusihi kwa dhati, na nitalirudia ombi hili nikiwa na sababu zake.

Faili sugu ni mpangaji asiyetaka kuhama. Notisi ameiona, kodi halipi, na kila asubuhi yuko kibarazani anakunywa chai. Mpangaji wa namna hii hasimami kwa jeuri yake mwenyewe. Kuna mtu anamkingia kifua. Ukimjua huyo, kazi yako imebaki ndogo. Usipomjua utavunja mlango, utang'oa paa, na mwisho atakayelala nje ni wewe mwenye nyumba.

Anza kwa kulisoma dirisha lile. Wengi hulifunga kabla macho hayajafika mstari wa pili, na mstari wa pili ndio unaotaja jina. Likisema faili limefunguliwa na Word, anayelikingia kifua ni Word. Likisema unahitaji ruhusa ya fulani, huyo fulani ndiye mwenye hati ya nyumba. Likisema diski imezuiwa isiandikwe, faili halina kosa, kosa ni la kifaa. Na likisema faili halipo, ilhali unaliona kwa macho yako mawili, basi kasoro iko kwenye jina lake, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Tuanze na faili lililofunguliwa, maana ndilo linalowasumbua wengi. Katika Windows, programu inapofungua faili hutangaza papo hapo mambo ambayo programu nyingine zinaruhusiwa kulifanyia: kulisoma, kuliandika, kulifuta. Isiporuhusu kufuta, mfumo huliheshimu tangazo hilo mpaka programu ilifunge faili. Ni utaratibu mzuri sana. Bila huo ungeweza kufuta ripoti yako katikati ya kuihifadhi, ukabaki na nusu ukurasa. Kinachoudhi ni programu zinazosahau kulifunga faili zikimaliza kazi, au zinazoganda zikiwa bado zimelishika.

Word ina mtindo wake. Unapofungua hati, huunda pembeni faili dogo lililofichwa, jina lake likianza na ~$, na ndani yake huandika jina la aliyeifungua. Umeme ukikatika ghafla, faili hilo hubaki. Kesho yake unarudi, kompyuta inakuambia hati yako inatumiwa na mtu mwingine, ukitazama jina la huyo mtu mwingine ni lako wewe. Usiende kumtafuta. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, tazama kama kuna Word iliyobaki imejificha huko, ifunge, kisha amuru mafaili yaliyofichwa yaonekane na ufute hilo lenye ~$.

Mwingine anayelishika faili bila kushukiwa ni dirisha lenyewe la folda. Unapobofya video mara moja, picha yake ikatokea pembeni, Windows imelifungua faili ili ikuchoree picha hiyo. Unaagiza lifutwe, nalo limeshikwa na mkono ule ule unaopokea agizo. Zima kidirisha hicho cha pembeni kwa Alt na P, au ndani ya Task Manager chagua Windows Explorer na uianzishe upya. Upau wa chini utapotea kwa sekunde chache, kisha utarudi.

Na pale dirisha linapokataa bila kutaja jina? Andika resmon kwenye sehemu ya kutafutia, ingia ukurasa wa CPU, na kwenye kisanduku cha Associated Handles andika jina la faili. Itatokea orodha ya wanaolishika. Anayetaka chombo chenye makali zaidi achukue Process Explorer, kinachotolewa bure na Sysinternals, kazi iliyoanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Ingia menyu ya Find, andika jina, jibu linakuja. Nawashukuru sana watu wale wawili, maana walimpa mtumiaji wa kawaida jicho la kuona ndani ya mashine aliyoinunua kwa fedha zake. Tangu 2022 kuna pia File Locksmith, iliyo ndani ya PowerToys ya Microsoft: bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uliza ni nani analitumia, malizana naye hapo hapo. Zote hizi zipakue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Programu zinazojitangaza kwa vitufe vikubwa vya kijani, zikiahidi kufuta faili lolote duniani, huja na mizigo ambayo hukuagiza: upau wa matangazo, ukurasa wa kutafutia usioujua, na mara nyingine virusi hasa. Umekwenda kumtoa mpangaji mmoja, umerudi na ukoo wake.

Ukichoka kutafuta, iwashe kompyuta upya, lakini kwa kitufe cha Restart, si kwa kuizima kwa Shut down na kuiwasha tena. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili kwenye kompyuta nyingi. Programu zako hufungwa, ila kiini cha mfumo na huduma zake huhifadhiwa kwenye diski ili kesho mashine iamke haraka, na huduma iliyokuwa imelishika faili lako inaweza kuamka nalo bado liko mkononi. Restart ndiyo inayoanzia sifuri. Kwa hiyo fundi akikuuliza, "Umeiristati?" usimkasirikie, ameuliza swali la kitaalamu.

Wanaotumia Linux wana shida ya upande wa pili. Kule amri ya rm huondoa jina la faili hata kama programu inalitumia, ila nafasi yake kwenye diski hairudi mpaka programu hiyo ilifunge. Unafuta daftari la matukio lililojaza diski, halionekani tena, na diski bado imejaa. Amri ya lsof +L1 itakuonyesha aliyelishika. Ianzishe upya huduma hiyo na nafasi itarudi. Na faili likiwakatalia hata wenye mamlaka ya root, tazama kwa lsattr kama limewekewa alama ya i. Ipo? Iondoe kwa chattr -i.

Sasa twende steshenari, ile ya karibu na lango la chuo, yenye mashine za fotokopi na kompyuta moja inayopokea flashi za mtaa mzima. Mwanafunzi amefika na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, anachomeka flashi, kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato, zile zenye kishale kidogo pembeni, za kilobaiti moja au mbili.

"Dada, kazi yangu haifunguki. Halafu hivi vitu nikivifuta vinarudi."

"Kaka, flashi imekula virusi. Tuiformati?"

Hapana, dada. Hapana, kaka. Ripoti haijaenda popote. Zamani virusi vya flashi vilijiendesha vyenyewe kwa kutumia faili la autorun.inf, na virusi vya Conficker, vilivyoibuka mwishoni mwa 2008, vilitumia mlango huo miongoni mwa milango yao. Mwezi Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililouzima uwezo huo wa flashi katika Windows XP na Vista, kama ilivyokuwa tayari katika Windows 7. Tangu hapo watengeneza virusi wakahitaji kidole cha binadamu. Wakaja na hila hii: virusi huzipa folda zako sifa mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, ili usizione hata ukiamuru vilivyofichwa vionekane kwa njia ya kawaida. Kisha vinaweka njia ya mkato yenye jina lile lile. Ukiibofya, virusi vinaanza kazi na folda yako inafunguka vilevile, ili usishtuke.

Ndiyo maana ukizifuta zinarudi. Virusi viko hai ndani ya kompyuta, mara nyingi vikijiendesha kupitia wscript.exe, na kila vikiona flashi vinaandika upya. Kwa hiyo usianze na flashi. Fungua Task Manager, tafuta wscript.exe, isimamishe. Nenda ukurasa wa programu zinazoanza pamoja na kompyuta, zima kila kitu kinachotaja hati ya aina ya .vbs au .js ambacho hukukiweka wewe. Sasa fungua dirisha jeusi la amri na, kama flashi yako imepewa herufi E, andika:

del E:\*.lnk

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri ya kwanza inafuta njia za mkato. Ya pili inaziondolea folda na mafaili yako zile sifa za kufichwa, na kazi yako inarudi machoni. Chungulia kama kuna folda isiyo na jina, yaani mstari mtupu wenye alama ya folda tu. Virusi vya Andromeda, vinavyoitwa pia Gamarue, vilikuwa na tabia ya kukusanya kila kitu na kukisukumia humo. Mtandao wao ulivunjwa na polisi wa nchi kadhaa mwezi Novemba 2017, ila flashi zilizoambukizwa haziendi mahakamani, zinaendelea kuzunguka. Toa vitu vyako, kisha ipitishe flashi nzima kwenye kinga ya virusi iliyosasishwa. Microsoft Defender inatosha kwa kazi hii.

Hapa ndipo ninaporudia ombi langu. Kuformati flashi ya namna hii ni kufuta kazi iliyokuwa salama kabisa ili kuondoa njia za mkato zinazofutika kwa mstari mmoja. Watu wamepoteza tasnifu, picha za harusi na hesabu za duka kwa jibu hili la haraka, na inaniuma kila ninapolisikia likitolewa kama huduma. Kama flashi yako imeshaformatiwa, bado usikate tamaa: uformati wa haraka, ndio unaochaguliwa karibu kila mara, huandika upya orodha ya mafaili na kuyaacha mafaili yenyewe yalipo. Usiweke chochote kipya kwenye flashi hiyo, hata wimbo mmoja. Chukua PhotoRec, ya bure, na uiambie ihifadhi inachokipata kwenye diski nyingine. Majina yatapotea, utayafungua mafaili moja baada ya jingine, lakini ripoti utaipata.

Na wewe mwenye steshenari, kompyuta ya kupokea flashi za wateja iwekee Linux. Virusi hivi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, haviwezi kuendeshwa kule, na LibreOffice itafungua na kuchapisha hati nyingi bila shida. Flashi iliyoingia safi dukani kwako inastahili kutoka safi.

Kuna jambo la kuangalia kabla hujafuta. Flashi nyingine ina folda iitwayo autorun.inf inayokataa katakata kuondoka. Pengine hiyo ni mlinzi. Zana kadhaa za kinga za miaka ile ziliiweka makusudi, kwa kuwa penye folda ya jina hilo virusi haviwezi kuweka faili la jina hilo. Na ili virusi visiifute, ndani yake zilitia kitu chenye jina ambalo Windows hailimezi, kama lpt3 au con.

Majina haya yana historia ndefu kuliko wengi wanaoyachukia. Katika CP/M, mfumo ulioandikwa na Gary Kildall mwaka 1974, vifaa kama kibodi na skrini viliitwa kwa majina mafupi. Tim Paterson alipoandika mwaka 1980 mfumo uliokuja kuwa MS-DOS, wazo hilo lilihamia huko: CON kwa kibodi na skrini, PRN kwa printa, AUX kwa kifaa cha ziada, NUL kwa mahali ambapo kila kinachotupwa hupotea. MS-DOS ya kwanza, ya mwaka 1981, haikuwa na folda, kwa hiyo jina la kifaa lilitambulika popote ulipo. Folda zilipokuja na toleo la 2.0 mwaka 1983, programu za zamani zilitegemea majina hayo, na hayakuguswa. Ndiyo sababu matoleo mengi ya Windows hukukatalia ukiunda folda iitwayo con kwa njia ya kawaida. Uvumi uliozunguka sana kwamba ni siri ya Bill Gates hauna ukweli. Ni uaminifu kwa programu zilizoandikwa kabla hujazaliwa, nami nauheshimu, hata unaponichosha.

Faili la jina hilo likikuangukia, pengine limeundwa kwenye Linux au limetoka ndani ya faili la zip, lifute kwa kuiambia Windows isilitafsiri jina. Alama za \\?\ ndizo zinazosema hivyo:

del "\\?\E:\aux.txt"

Kama ni folda, tumia rd badala ya del. Dawa hii hii inatibu jina linaloishia na nukta au nafasi tupu, ambalo Windows hulikata mkia kimyakimya, kisha inalitafuta bila mkia na kusema halipo.

Urefu wa njia ni ugonjwa wa wasomi. Windows kwa kawaida haipokei njia nzima ya faili inayofika herufi 260, tangu herufi ya diski mpaka mwisho wa jina. Sasa mtu ana folda ya Tasnifu, ndani yake Tasnifu Mpya, ndani yake Tasnifu Mpya Iliyosahihishwa na Msimamizi, ndani yake Tasnifu ya Mwisho, ndani yake Tasnifu ya Mwisho Kabisa Usiguse. Faili lililo chini kabisa halifutiki, halihamishiki, halifunguki. Usihangaike nalo huko chini. Anza juu: folda ya kwanza iite a, ya pili iite b, na njia itafupika mpaka faili liguswe. Tangu mwaka 2016 Windows 10 inaweza kuruhusu njia ndefu, ila inabidi uamuru mwenyewe, na programu husika nayo iwe imekubali.

Faili likisema linataka ruhusa ya TrustedInstaller, ondoka. Huyo ni mmiliki wa mafaili ya mfumo tangu Windows Vista, na ukimpora hati kwa nguvu unaweza kubaki na kompyuta isiyowaka. Anayetafuta nafasi kwenye diski ndogo aitafute kwingine: faili kubwa la hiberfil.sys, lisilofutika kwa Delete, linaondoka lenyewe ukiandika powercfg /h off kwenye dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi. Utapoteza uwezo wa kuilaza kompyuta usingizi mzito pamoja na ule uwashaji wa haraka, na kwa wengi hilo si hasara.

Imebaki diski yenyewe inapogoma. Kama ni kadi ya kumbukumbu ndani ya adapta, tazama ubavuni mwa adapta kuna kitelezi kidogo sana. Kikishuka, hakuna kinachoandikwa wala kufutwa. Kipandishe. Kama majina ya mafaili yamekuwa alama za ajabu na ukubwa wao haufikiriki, kwanza nakili kila kinachosomeka, ndipo uandike chkdsk E: /f ili mfumo urekebishe orodha. Fuata utaratibu huo, maana chkdsk hurekebisha orodha, na katika kuirekebisha inaweza kutupa kilichokuwa bado kinasomeka.

Flashi inayokubali kufuta, kisha ukiichomoa na kuirudisha kila kitu kiko pale pale, imechoka. Chembe za kumbukumbu zina idadi ya kuandikwa zinayoistahimili, na flashi nyingi zikifika mwisho hujifunga zisomeke tu. Hakuna amri wala fundi atakayeigeuza. Hamisha vilivyomo siku hiyo hiyo. Na alama za ajabu zikirudi kila unapoijaza, huenda umeuziwa flashi inayojitangaza kuwa na gigabaiti 64 ilhali ndani ina 8 tu. Kila kilichozidi hapo kiliandikwa hewani. Utakaponunua nyingine, kabla hujaweka hata barua moja, endesha H2testw, inayoijaza flashi mpaka juu na kusoma tena kilichoandikwa. Ikionyesha makosa, irudishe dukani siku hiyo hiyo ukiwa na risiti.